Marejesho Yafuate Lori la Viazi

Wanaotaka kuanzisha mfuko wa mikopo mtaani kwao huja kibandani kwangu hapa Uyole, Mbeya, na swali lile lile: mama, tutoze riba kiasi gani? Nami huwauliza la kwangu. Huyo mnayetaka kumkopesha, hela humfikia mkononi siku gani? Wengi hawajui. Sisi pia hatukujua, na ujinga huo ulitutafuna karibu miaka miwili.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Mwaka 2016 tulianza watu 22, wengi wauzaji wa soko la Uyole na wenye vibanda kandokando ya barabara ya Tukuyu, kila mmoja akinunua hisa ya shilingi 5,000 kwa wiki. Nilipewa uweka hazina kwa sababu moja tu: daftari langu la vipimo vya wateja lilikuwa safi.

Tuliiga vikoba vya jirani kila kitu. Sanduku lenye kufuli tatu, faini ya kuchelewa kikao, marejesho ya kila wiki, na kuvunja kikundi kila Desemba. Kikoba cha kuvunja kina kazi yake, kinamsaidia mtu kununua mbolea na kulipa ada Januari. Ila hakimkuzi mfanyabiashara, maana kila mwaka mnaanza na sanduku tupu. Mwaka wa tatu tukakubaliana kuwa hisa hazivunjwi tena. Faida nusu tunagawana, nusu inabaki ndani. Watu watano waliondoka siku hiyo hiyo. Msiwabembeleze wa namna hiyo, wapeni chao na muagane vizuri.

Sasa nirudi kwenye viazi, maana ndipo tulipojifunzia.

Tulikuwa na mwanachama anayenunua viazi upande wa Isyonje. Anajaza magunia, lori linaondoka jioni kwenda Dar es Salaam, dalali wa kule anauza, na hela inarudi kwenye simu baada ya siku nane mpaka kumi na mbili. Sisi tulimpa mkopo wa marejesho ya kila wiki. Wiki ya kwanza akalipa kwa hela ile ile tuliyompa. Ya pili vilevile. Ya tatu, mtaji ukiwa umebaki nusu na dalali hapokei simu, akaenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, akakopa huko ili atulipe sisi. Kwenye leja yangu, daftari la mikopo na marejesho, alikuwa mlipaji bora kuliko wote. Nilimsifu mbele ya kikao! Miezi minne baadaye wakaja kumbebea friji na makochi, ndipo tukajua.

Tangu hapo hatuna ratiba moja ya marejesho kwa watu wote. Kila biashara ina yake, na tunaiandika pamoja na mkopaji kabla hatujazungumza kiasi. Wa viazi analipa kila baada ya wiki mbili. Mama lishe anauza kila siku, huyo wa kila wiki hana shida. Anayenunua mpunga Mbarali wakati wa mavuno na kuuweka stoo mpaka bei ipande mwishoni mwa mwaka, huyo analipa riba tu kila mwezi, mtaji anaurudisha kwa mafungu mawili akishauza. Wa kuku wa nyama hatumgusi kabla ya wiki ya saba. Mimi mwenyewe nakopa Oktoba kununua vitambaa na kuanza kulipa Januari, wazazi wanapopanga foleni kibandani. Ukinidai Novemba utanipa ugonjwa wa moyo bure.

Kiasi cha mkopo kinatoka kwenye matembezi, hakitoki kwenye fomu. Wawili wa kamati wanakwenda kuiona biashara, na waende saa yake ya kazi. Wa sokoni mfuate saa kumi na mbili asubuhi, hata kama ni Julai na baridi ya Uyole inakata masikio. Ukimfuata jioni utaambiwa "leo nimeuza sana," na meza haina kitu cha kubisha wala kukubali.

Ukifika, usianze na maswali ya ofisini. Nunua kitu, kaa kwenye kigoda, tazama wateja wangapi wanapita na wangapi wanasimama. Halafu uliza matatu kwa mpangilio huu: jana uliuza shilingi ngapi? Bidhaa ulinunua kwa shilingi ngapi? Nyumbani ulitoa shilingi ngapi kwenye hela hiyo hiyo? La tatu ndilo linalowanyamazisha watu.

Mama lishe mmoja wa karibu na stendi ya Kabwe aliomba 600,000. Tulikaa naye tangu chai mpaka chakula cha mchana. Mauzo ya jana yake 60,000. Mchele, maharage, mafuta, nyama na mkaa 42,000. Msichana wa kumsaidia 5,000. Nyumbani 7,000, na hapo alitaja baada ya kusukwasukwa kidogo. Kikabaki 6,000 kwa siku, yaani 36,000 kwa wiki ya siku sita. Kanuni yetu ni kwamba marejesho yasizidi nusu ya kinachobaki, kwa hiyo 18,000 kwa wiki ndiyo dari yake. Tukampa 250,000 kwa miezi minne, na mtaji pamoja na riba ukatoka kama 16,500 kwa wiki. Alinuna. Baada ya mkopo wa tatu alikuwa na majiko mawili ya nyongeza na hanuni tena, ingawa bado ananikumbusha kila ninapokula kwake.

Kuhusu riba. Msiige asilimia kumi kwa mwezi kwa kuwa jirani anatoza hivyo. Pigeni hesabu ya gharama zenu. Mfano: mfuko una milioni 12. Posho ya mweka hazina 40,000 kwa mwezi, kwa mwaka 480,000. Madaftari, nauli za matembezi na makato ya miamala ya simu, tuseme 240,000. Tengeni 360,000 kwa ajili ya mikopo itakayopotea, maana ipo itakayopotea. Jumla 1,080,000. Lakini hela iliyo mikononi mwa wakopaji kwa wastani haiwi milioni 12, nyingine iko benki inasubiri. Tuseme ni milioni 9. Gawanyeni: asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kwa mwezi, ndipo mfuko hausinyai. Sisi tunatoza 2, na ile ya pili ndiyo inayokuza mfuko na kutupa cha kugawana.

Tena semeni wazi riba inahesabiwa juu ya nini. Mkopo wa 600,000 wa miezi sita, riba asilimia 2 kwa mwezi: ukihesabu juu ya mkopo wote mpaka mwisho, mtu analipa riba 72,000. Ukihesabu juu ya salio linalopungua, akirudisha mtaji 100,000 kila mwezi, analipa 42,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni 30,000. Sisi tunatumia salio linalopungua. Kazi ya leja inaongezeka kidogo, ndiyo.

Kuna kosa jingine la hesabu ambalo linaua mifuko taratibu huku kila kikao kikipiga makofi. Ni kuhesabu marejesho yaliyochelewa badala ya salio lote la aliyechelewa. Chukulia mikopo iliyo nje ni milioni 9, na watu watatu wamekosa rejesho moja moja la 80,000. Mweka hazina anasimama anasema, tunadai 240,000 tu, haifiki hata asilimia 3. Kumbe salio la hao watatu ni 1,080,000, na aliyeshindwa kulipa rejesho la mwezi huu anaweza kushindwa yote yaliyobaki. Hiyo ni asilimia 12. Kila mwisho wa mwezi mimi naandika kwa wino mwekundu salio zima la kila aliyepitisha siku 30. Ikifika asilimia 5, kamati inakutana wiki hiyo. Ikifika 10, hakuna mkopo mpya mpaka tujue kuna nini.

Mara nyingi lililopo ni kwamba biashara nyingi zinategemea kitu kimoja. Bei ya viazi ikianguka, inawaangukia wote: muuzaji, mpakiaji, na mama anayewapikia. Ndiyo maana hatuweki zaidi ya theluthi ya mfuko kwenye zao moja wala soko moja. Waliokuwa na meza soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 hawahitaji kuelezwa hili mara mbili.

Dhamana yetu ni wadhamini wawili ndani ya kikundi na hisa zao. Hati za viwanja hatupokei, kwa sababu nani kati yetu atakwenda kumtoa jirani nyumbani kwake, halafu Jumapili wakae benchi moja kanisani? Badala yake tunafuatilia mapema. Siku ya kwanza ya kuchelewa natuma ujumbe. Siku ya tatu nakwenda mwenyewe, mikono mitupu, bila daftari. Siku ya saba wanaitwa wadhamini. Ukimsubiri mtu mpaka kikao cha mwezi utakuwa umempa wiki nne za kujificha, na kumtaja mbele ya watu kunamfanya asirudi kabisa.

Akiwa na msiba au ugonjwa wa kweli, tunapanga ratiba upya na kuandika sababu. Jambo tusilofanya ni kutoa mkopo mpya wa kulipa ule wa zamani. Na kwa ada na dawa tuna mfuko mdogo wa dharura, mwisho 100,000, umetengwa kwenye leja yake. Zamani watu walikuwa wanadanganya kuwa wanaongeza mtaji, kumbe mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Haya, na aibu zetu. Mwaka wa nne tulimpa mzee mmoja wa heshima 1,500,000 bila kwenda kuona biashara yake. Nani angethubutu kumuuliza mzee vile anauza shilingi ngapi? Hakukuwa na biashara. Tulipata chini ya nusu, nyingine tukaifuta. Sasa matembezi ni kwa kila mtu, mwenyekiti akiwemo, na kanuni hiyo imo kwenye katiba ili asiwepo wa kuonewa haya.

Ya pili ni ya kwangu. Nilikuwa nalala na makusanyo ndani, kwenye kopo la maziwa ya unga. Usiku mmoja ikaja taarifa ya msiba wa shangazi Kyela, nikachota 70,000 ya nauli na rambirambi. Niliirudisha baada ya siku tatu, hakuna aliyejua. Kikao kilichofuata nilisimama nikasema mwenyewe, nikaomba nitozwe faini, na nikaomba makusanyo yasilale tena kwa mtu. Siku hizi marejesho yote yanapita kwenye simu kwenda akaunti ya kikundi, na kutoa kunahitaji watu watatu.

Mambo ya serikali yafanyeni mapema. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imegawa watoa huduma katika madaraja manne. SACCOS, yaani vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, ni daraja la tatu, vikundi kama chetu ni la nne na usajili wake uko halmashauri. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao na majina ya wanachama. Huko huko mtasikia habari ya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Ombeni mkistahili, lakini iwe na leja yake. Mkiichanganya na hisa zenu, mtu atawaambia hela ya serikali hailipwi, na akishazoea hivyo hata ya kwenu hatailipa.

Mimi muhula wangu unaisha Juni. Kijana anayenipokea ameshaingiza leja yote kwenye kompyuta, inajumlisha yenyewe kwa sekunde. Nimempongeza. Jumamosi iliyopita nilimfungulia daftari, nikamwomba anionyeshe mkopo mmoja wa viazi bila kuniuliza lolote: nani, kiasi gani, lori lake linarudi lini, amebakiza nini. Alipata vyote isipokuwa siku ya lori. Kwenye kompyuta yake hakuna safu ya hiyo. Ameniahidi ataiongeza wiki hii.