Namna ya kupima habari za stima ya jua kutoka angani kabla hujaifowadi

Kila baada ya miezi kadhaa inazunguka ile video ya mapaneli makubwa yanaelea angani yanatuma stima chini kwa mawimbi kama ya maikrowevu, na mtu ameandika ati ndo mwisho wa kukatikiwa. Wazo si la juzi, mhandisi Peter Glaser alilitoa 1968, na si la kichaa pia. Paneli yangu hapa juu ya mabati ikifika saa kumi na moja jioni imeanza kusinzia, wingu likipita ndo basi, lakini ukiipeleka kilomita 36,000 juu ya ikweta inaona jua karibu mwaka mzima, wati 1,361 kwa kila mita mraba, giza ni ile saa moja hivi ya kivuli cha dunia siku za karibu na Machi na Septemba.

Sasa ipime. Kwanza uliza wametuma wati ngapi na umbali gani. Caltech, chuo cha Marekani, 2023 kifaa chao kiliwasha taa mbili za LED umbali wa kama sentimita 30, kikiwa huko huko angani, alafu mawimbi kidogo yakanaswa juu ya paa la chuo kule Pasadena. Ni hatua, sibishi, lakini kunasa mawimbi si kuchaji simu.

Pili toa kalkuleta, uone mawimbi yatakuwa yametawanyika kiasi gani yakifika chini. Chukua urefu wa wimbi kwa mita (la 2.45 GHz ni 0.122), zidisha na umbali, mita 36,000,000, gawanya kwa upana wa antena ya juu. Tuseme hiyo ya juu ina upana wa kilomita nzima, unapata kama mita 4,400, zidisha tena mara mbili na nusu hivi ndo upate upana wa doa la mawimbi pale chini, karibu kilomita 11! Kwa hiyo akikuambia antena itakaa juu ya paa la shule, mwache aendelee kuongea tu.

Watu wanaogopa kukaangwa, na hapa naona wanaogopa kitu sicho. Kwenye mchoro wa Marekani wa miaka ya 70 katikati ya doa ni wati 230 kwa mita mraba, jua la saa sita ni kama 1,000. Lakini usidanganyike kwamba ni salama kukaa hapo, kipimo cha kimataifa kwa mwananchi wa kawaida ni wati 10, so katikati lazima pawekewe uzio, na ndege wa porini hawasomi kibao. Kama una maikrowevu angalia ule wavu wa mlangoni, mwanga unapita unaona chakula kinazunguka lakini wimbi la sentimita 12 limekwama, na antena ya kupokea inaweza kusukwa hivyo hivyo, mvua na jua vipite.

Kinachonisumbua mimi ni roketi. Ripoti ya NASA ya 2024 ilipiga hesabu ya mtambo mmoja wa gigawati 2, uzito tani kama 5,900, safari za roketi zaidi ya 2,000 ukihesabu na zile za kujaza mafuta njiani, na bei dola 0.61 kwa yuniti (linganisha na token zako mwenyewe). Masizi ya sufuria unayasugua yanaisha, ya roketi yanabaki juu sana mahali mvua haifiki kuyaosha, yanakaa miaka yanapasha joto hewa ya huko kwenye ozoni. Video ikisema "safi" bila kutaja idadi ya safari, weka swali hapo.

Alafu vyuma. Tarehe 30 Disemba 2024 kijiji cha Mukuku, Makueni, kilishukiwa na pete ya chuma ya roketi, upana mita 2.5, kilo kama 500, na hiyo ilikuwa moja tu. Kule juu setilaiti ikichoka inasukumwa kama kilomita 300 zaidi ikae makaburini na wenzake. Hili dude la upana wa kilomita, likishatobolewa na vimawe miaka 30, tafuta kwenye habari wameandika nani atalisukuma, na kwa mafuta ya nani.