SOMO: Umeleta mtoto wa mbwa nyumbani? Soma hapa kabla hujanipigia simu

Wakuu wa Tanga, kila wiki napigiwa simu ile ile: "Katoto kameacha kula, nikape nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitambandikia hapa.

1. Usimchukue kabla ya wiki 8. Anayetolewa mapema hajafundishwa na mama na nduguze kung'ata kwa kiasi, na watakaoumia ni watoto wako.

2. Omba kitambaa alicholalia mama yake, ukiweke kwenye boksi pamoja na chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa khanga kuukuu. Usiku wa kwanza atalia, na wa pili atalia. Boksi liwe karibu na unapolala. Ukimfungia stoo peke yake, mtaa mzima utakununia asubuhi.

3. Minyoo: dawa kila wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mpime uzito kwanza.

4. Chanjo. Hapa soma polepole.

Muuzaji akikwambia "kashachanjwa", muulize chanjo ya nini. Wengi wanamaanisha kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida huchomwa akifika miezi 3 na kurudiwa kwa ratiba ya daktari. Kinachomaliza watoto wa mbwa ni pavo, ugonjwa wa virusi wa matumbo, na chanjo yake ni nyingine kabisa: ya kwanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, halafu inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16.

Wangu wa kwanza aliniponyoka hapa. Nilikwepa gharama ya daktari, nikanunua kichupa dukani, nikakitia mfukoni nikazunguka nacho Ngamiani jua la saa saba. Chanjo ile ni virusi hai vilivyodhoofishwa, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka dakika ya kuchomwa. Nilichomchoma ni sawa na maji. Akaanza kutapika, kisha kuharisha damu yenye harufu ambayo ukishainusa huisahau.

Kwa hiyo: daktari wa mifugo aje na chanjo kwenye boksi la barafu. Dai kadi yenye stika iliyobanduliwa kwenye kichupa. Mpaka amalize sindano zote usimshushe chini nje ya ua wako, mbebe mkononi. Na kama kwenye ua huo alishakufa mbwa kwa pavo, sabuni peke yake haikiui kirusi kile, na udongoni kinakaa miezi na miezi. Sakafu isugue kwa sabuni, suuza, kisha mwagia jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, uache dakika 10. Mchangani jiki haifui dafu. Ua wa namna hiyo uletee mbwa aliyekwishamaliza chanjo.

5. Chakula mara 3 au 4 kwa siku: ugali laini na dagaa wa kuchemsha bila chumvi. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa, marufuku.

6. Haja: mtoe nje akiamka, akishakula, akimaliza kucheza. Akikosea ndani, futa, nyamaza.

7. Majirani. Pwani hii wengi tunafuata Shafii, na mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa kufugwa, lakini asimrukie mzee wa watu na kanzu yake siku ya Ijumaa. Bakuli lake liwe lake, banda liwe mbali na baraza.

MASWALI

Kijana wa Kange: Mkuu, wangu ana miezi miwili, hali, anatapika. Nimpe nini?

Jibu: Namba 4. Umesoma? Mpigie daktari sasa hivi. Kinachoua ni kukaukiwa maji, anahitaji dripu.

Mama Sahare: Ahsante kwa somo, kaka. Mbona sindano zinarudiwa hivyo? Moja haitoshi?

Jibu: Swali zuri, dada yangu. Mtoto hupata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama. Kinga hiyo ikiwa bado na nguvu inaizima chanjo, ikishuka inamwacha wazi. Siku inaposhuka haijulikani, hata ndugu wa tumbo moja hupishana. Ndiyo maana tunarudia, ili mojawapo iangukie wakati wake.

Mbishi wa Duga: Babu aliwapaka mbwa oili chafu wakipata ukurutu na walipona. Hizi chanjo ni biashara zenu tu.

Jibu: Mbwa hujilamba, na oili chafu ni sumu. Mimi siuzi chanjo. Ya kichaa ulizia kwa afisa mifugo wa kata yako, hasa kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Fundi Pongwe: Naongezea kidogo. Msikate tamaa na vilio vya wiki za mwanzo. Wangu sasa anaujua mlio wa pikipiki yangu. Za wenzangu zikipita hata sikio hainui, yangu ikikata kona ameshafika getini.

Mkazi wa Raskazone: Amemaliza chanjo zote. Naweza kukimbia naye ufukweni asubuhi?

Jibu: Nenda, ila chunga bunju, yule samaki mwenye sumu. Wavuvi wakimnasa humtupa mchangani, na mbwa mdogo haachi kitu. Sumu yake hata kupikwa haiishi. Mfunge kamba mpaka ajue kuacha anachoambiwa aache. Mkirudi mkague kupe katikati ya vidole na ndani ya masikio.

Kijana wa Kange: Daktari yuko njiani. Nimlazimishe maji wakati nasubiri?

Jibu: Usimlazimishe, atayatapika au yatampalia. Mweke pakavu, mfunike. Na viatu ulivyovaa bandani usiende navyo kwa jirani mwenye mbwa.