Kukusanya Mapishi ya Ukoo na Kuyafanya Zawadi

Anayetaka kumzawadia bibi harusi, au kijana anayekwenda kusoma ughaibuni, kitabu cha mapishi ya kwao, aanzie jikoni kabla ya kushika daftari. Wapishi wa pwani hupika kwa jicho na mkono. Ukimkalisha bibi sebuleni na kumwuliza chumvi hutiwa kiasi gani, atakujibu "kiasi chake", na hatakuwa amekuficha lolote, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyoijua.

Mwombe siku ya kupika pamoja, chakula kimoja kwa siku, na uende na mizani ndogo ya jikoni, kikombe chenye alama za mililita, kalamu, na simu ya kurekodi sauti. Usimsimamishe kila mara ili apime, kwani mpishi akianza kupima hubadilisha mkono wake. Ni bora upime vyombo: weka kopo la chumvi kwenye mizani kabla hajaligusa, ulirudishe akishamaliza, na gramu zilizopungua ndizo zilizoingia sufuriani. Fanya hivyo kwa mchele, sukari na samli. Karafuu na iliki ni nyepesi mno kwa mizani ya kawaida, kwa hiyo zihesabu punje kwa punje. Akitumia kibaba cha nyumbani, kijaze mchele uupime, maana kibaba cha nyumba moja huenda kisilingane na cha jirani.

Nazi ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Kuandika "nazi mbili" hakutoshi, kwa sababu nazi hutofautiana kwa ukubwa na kwa ukomavu. Pima tui zito peke yake na tui jepesi peke yake, kisha uandike ni lipi linatangulia na ni lipi linaingia mwishoni. Ndugu aliyeko Maskati au London huenda akatumia tui la kopo, ambalo halikutenganishwa hivyo, naye anahitaji kuelezwa alipunguze kwa maji kiasi gani mahali pa tui jepesi.

Muda nao usiuamini peke yake. Katika mkate wa kumimina, mchele hurowekwa usiku kucha, husagwa kwa tui, hutiwa hamira, sukari na iliki, kisha rojo huachwa liumuke. Ukiandika "acha saa moja" utampoteza msomaji, kwa maana rojo hilo huumuka upesi wakati wa joto la kaskazi na huchelewa wakati wa kipupwe. Andika kile anachokitazama mpishi: vipovu vimetanda juu, rojo limepanda, na harufu ya hamira bado haijageuka kuwa ya uchachu. Mkate ukiwa motoni, andika ni dalili gani inayomfanya apalie makaa juu ya kifuniko, na ni makaa mengi au machache. Mwulize papo hapo kwa nini amefanya hivyo, kwa sababu baada ya chakula kuiva hatakumbuka kwamba alifanya jambo lolote la kuelezwa.

Kabla ya kuandika nakala safi, omba ruhusa. Shangazi anayeuza vitumbua au achari ana haki ya kuiweka siri ile inayomlisha, na akikataa, usiipitishie mlango wa nyuma kwa kumwuliza mwanawe. Aliyekubali, andika jina lake juu ya pishi lake, na la aliyemfundisha. Ndugu wawili wakitofautiana kuhusu pilau, weka zote mbili. Mimi sioni haja ya kuchagua mshindi.

Madaftari ya zamani yapige picha mchana, karibu na dirisha, ukurasa mmoja mmoja. Usiyatie nailoni ya mashine ya moto, kwani gundi yake haitoki tena. Yahifadhi mahali pakavu, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu, na picha zake ziwe kwenye simu zaidi ya moja na kwenye barua pepe.

Sasa mpe rasimu mtu asiyejua kupika chakula hicho, apike peke yake huku wewe umenyamaza. Kila atakapouliza swali, hapo pana sentensi iliyokosekana. Marekebisho yakiisha, chapisha kwa herufi kubwa na ufunge kwa spairo, ili kitabu kilale wazi mezani bila kushikwa. Acha kurasa tupu mwishoni kwa ajili ya mapishi ya mwenyewe. Ukipenda kuambatanisha viungo, weka vizima visivyosagwa, kwa kuwa hukaa na harufu yake muda mrefu zaidi, na nakala ya kwanza kabisa apelekewe aliyekupikia.