Mazoezi ya kusanidi Python ndani ya kontena bila kumaliza bando

Darasa lenye kompyuta 10 pale Nyegezi, Mwanza, halina haja ya kupakua imeji (kifurushi cha programu ambacho kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta, huanzishwa nacho) mara 10. Pakua mara moja kwenye kompyuta moja ya Linux yenye Docker (programu ya kuendesha kontena), kisha isambaze kwa flashi:

```
docker pull python:3.12-slim
docker save -o python.tar python:3.12-slim
```

Kwingine kote ni `docker load -i python.tar` tu. Ukikutana na `exec format error`, imeji ni ya prosesa ya aina nyingine. Ipakue upya ukiongeza `--platform linux/amd64` kama kompyuta za darasa ni za Intel au AMD za biti 64.

Paketi za zoezi nazo zipakue mapema, tena ndani ya imeji ileile. Ukizipakua kwa pip (kisakinishi cha paketi za Python) ya Windows utapewa numpy (paketi ya hesabu) ya Windows, na kontena itaikataa.

```
docker run --rm -u $(id -u):$(id -g) -v "$PWD":/kazi -w /kazi python:3.12-slim pip download -d paketi numpy
```

Sasa mwanafunzi aanze zoezi lake, akiwa kwenye folda yenye nakala ya `paketi`:

```
docker run --rm -it --network none --memory 512m --pids-limit 100 -u $(id -u):$(id -g) -v "$PWD":/kazi -w /kazi python:3.12-slim bash
```

Asishtuke akiona `I have no name!`, namba yake ya mtumiaji haimo kwenye orodha ya kontena, basi. Ukiiacha `-u`, mafaili yatakuwa mali ya root (mtumiaji mkuu) na hataweza kuyafuta.

Ndani ya kontena:

```
python -m venv mazingira
. mazingira/bin/activate
pip install --no-index --find-links=paketi numpy
python -c "import numpy; print(numpy.__version__)"
```

Akisahau `--no-index --find-links=paketi`, pip itahangaika kutafuta mtandao, irudie mara kadhaa, ndipo ishindwe. Mwache ausome ujumbe huo mpaka mwisho, maana kusoma makosa ndiyo nusu ya zoezi.

Programu ikikatwa kwa namba 137, mara nyingi imevuka kumbukumbu uliyoiwekea kwa `--memory`. Chunguza msimbo kwanza kabla ya kuongeza MB. Kilichoandikwa nje ya `/kazi` hupotea kontena ikifungwa, kwa sababu ya `--rm`. Folda ya `mazingira` itabaki, lakini njia zake zinaelekeza kwenye Python ya kontena, kwa hiyo haitafanya kazi nje.

Na kamwe usiunganishe `/var/run/docker.sock` (njia ya kuiamuru Docker yenyewe) na kontena ya mwanafunzi: anayeishika hiyo ameishika kompyuta nzima.