Kuhamia Dar es Salaam kwa kazi: chagua barabara kwanza, chumba baadaye

Mgeni anayepata kazi Dar huanza kwa kuuliza chumba cha bei nafuu kiko wapi. Swali la kwanza liwe hili: ofisi iko kwenye barabara gani? Jiji hili limejengwa kufuata barabara kubwa nne zinazotoka katikati ya mji. Ya Bagamoyo inapita Mwenge, Tegeta na Bunju. Ya Morogoro inapita Ubungo, Kimara na Mbezi. Ya Nyerere inapita uwanja wa ndege, Ukonga na Gongo la Mboto. Na ya Kilwa inakwenda Mtoni na Mbagala. Mandela na Sam Nujoma ndizo zinazokatiza katikati kuziunganisha. Ukipanga kwenye barabara ileile ya kazi, unapanda gari moja. Ukipanga Mbagala na kazi iko Mwenge, mara nyingi unaunganisha magari mawili na kulipa nauli mbili, halafu unakutana na foleni ya Mandela, ambayo jioni haina huruma.

Kwa hiyo usilinganishe kodi peke yake. Chukua kodi ya mwezi, ongeza nauli, ongeza bodaboda, ongeza maji. Tuchukue mfano. Chumba cha kwanza ni 70,000 kwa mwezi, kiko mbali na lami. Nauli ya kwenda kazini na kuunganisha ni 1,500, kurudi vilevile. Bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani ni 1,000 kila safari. Hiyo ni 5,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 130,000. Jumla 200,000. Chumba cha pili ni 120,000, lakini kituo kiko mwendo wa dakika saba kwa miguu na unapanda gari moja la 800. Nauli yake kwa mwezi ni 41,600, jumla 161,600. Kile cha "bei rahisi" kimekuzidishia karibu 40,000, na bado hujahesabu saa mbili za usingizi unazopoteza kila siku. Weka nauli halisi za njia yako kwenye hesabu hii kabla ya kutafuta dalali.

Nauli umeijua, lakini je, gari unalipata? Kaa kituoni mtaa unaoutaka, siku ya kazi, kati ya saa 11:30 alfajiri na saa 1:30 asubuhi, uangalie magari yanavyopita. Mitaa iliyo katikati ya ruti ndiyo inayoumia: gari linajaa lilikoanzia na likifika kwenu kondakta hasimami. Ndiyo maana utaona watu wanageuza nalo, yaani wanapanda gari linalorudi mwanzo wa ruti ili wapate siti, na nauli wanalipa mara mbili. Kwa mwendokasi ya Barabara ya Morogoro, iliyoanza 2016, hali ni hiyohiyo: wa Kimara wana nafasi, wa Manzese wanasubiri basi la tatu. Kwa hiyo afadhali chumba kilicho karibu na mwanzo wa ruti, hata kikiwa mbali zaidi kwenye ramani. Rudia zoezi hilo saa 11 jioni ukitokea upande wa kazini.

Kazi ikiwa Posta au Kariakoo, tazama Mtoni, Mbagala Rangi Tatu, Ukonga na Gongo la Mboto, na pia Kigamboni upande wa karibu na kivuko, kwani ukishuka Magogoni, upande wa mjini, unatembea hadi ofisi za Posta. Jihadhari na Kigamboni ya ndani, Kibada na kuendelea: kodi inashuka, ila safari ya kufika kivukoni au darajani inaanza kuwa safari ya pili. Viwanda vya Barabara ya Nyerere vinafikika kirahisi ukikaa Kiwalani, Kipawa, Tabata au Ukonga. Kwa kazi za Mikocheni, Msasani na Masaki, wengi wanakimbilia Tegeta na Bunju, wakati Mwananyamala na baadhi ya mitaa ya Kinondoni zina vyumba vya bei ya kati na safari fupi sana. Wa Ubungo na chuo kikuu wajaribu Mabibo, Makuburi, Msewe na Kimara. Uswahilini kunadharauliwa na wageni bure. Chumba single Manzese au Buguruni hakina uwanja wala fensi, lakini kwa mtu mmoja anayeanza kazi kinaokoa fedha nyingi, soko liko mlangoni na usafiri upo mpaka usiku.

Ukishapata mtaa, angalia mabondeni. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na nyumba nyingi zinazopangishwa kwa bei ya kushangaza mwezi wa Julai ni zile zinazoingia maji Aprili. Bonde la Msimbazi pande za Jangwani na Kigogo, kingo za Mto Ng'ombe kule Tandale, na baadhi ya maeneo ya Boko na Basihaya yanajulikana kwa hilo. Nyumba yenyewe inasema: mstari wa tope ukutani, rangi iliyobanduka hadi usawa wa goti, kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali mbili, viroba vya mchanga pembeni ya mlango. Muulize muuza genge wa jirani, maana dalali hatakwambia. Mvua kubwa pia hufunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, kwa hiyo hata wa Kimara aliye mlimani hujikuta hafiki mjini.

Maji ya bomba hayatoki kila siku kila mtaa. Uliza wapangaji, siyo mwenye nyumba, yanatoka siku ngapi kwa wiki na kama kuna simtanki. Kama ni kisima, onja: maji ya chumvi hayatoi povu la sabuni, huacha ukoko mweupe kwenye ndoo, na ya kunywa utanunua. Ukitumia madumu sita kwa siku kwa shilingi 200 kila moja, ni 36,000 kwa mwezi, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kodi ya kile chumba cha 70,000.

Umeme ndio unaogombanisha wapangaji wengi. Watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti kwa bei ya chini sana. Vyumba vitano vikichangia LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, mnavuka kiwango hicho mapema na wote mnalipa bei ya juu, hata wewe mwenye taa mbili na feni. Juu yake, kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Chumba chenye mita yake kinastahili kuongezewa hata 15,000. Kama ni ya kuchangia, mkubaliane mapema mwenye friji au pasi atoe kiasi gani.

Andaa fedha za kuingilia. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Chumba na sebule cha 150,000 kinadai 1,050,000 kabla hujanunua godoro. Omba miezi mitatu. Chumba kilichokaa wazi muda mrefu mara nyingi kinakubali. Kama hukubaliwi, chukua single ya bei ndogo kwanza ujifunze jiji. Kulipa miezi sita kwenye mtaa usioujua ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote haya.

Usimpe dalali kodi. Mlipe mwenye nyumba mwenyewe, baada ya kwenda ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe kuthibitisha kwamba nyumba ni yake. Nyumba za urithi zinahitaji uangalifu zaidi, kwani ndugu mmoja anapokea kodi na mwingine anakuja kukutoa. Taka msimamizi wa mirathi asaini. Mkataba uandike kiasi, miezi, tarehe, nani anatengeneza choo na bomba, na notisi ya kuhama. Kabla ya kusaini, chukua namba ya mita na ununue umeme wa elfu mbili. Risiti itaonyesha makato, na kama kuna deni la kodi ya jengo lililolimbikizwa utaliona hapohapo, mwenye nyumba alilipe kwanza.