Kutoka kwenye grupu hadi kwenye mikoko: jinsi ya kukusanya watu wa usafi wa pwani Mombasa

Grupu za kusafisha pwani hapa Mombasa hazikosi watu, zinakosa kazi. Wamo mamia, kila alfajiri ni dua na picha za maua, na ufuoni haendi mtu. Mimi huratibu usafi wa mikoko ya Tudor, upande wa Mikindani. Hivi ndivyo ninavyofanya.

1. Anza na maji

Usifungue grupu bado. Tazama kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapopevuka, maji hapa kwetu hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na taka zilizonasa kwenye mizizi ya mikoko zinafikika. Siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, hayatoki ya kutosha, mtajichosha bure. Chagua Jumamosi iliyo karibu na bamvua, kisha kamuone mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo wa hapo. Bila yeye huna ruhusa ya maana, na vijana wake ndio wanaojua tope linazamisha mguu wapi.

2. Wafuate watu kwenye maskani yao

Ukitafuta "wapenda mazingira" utapata walewale. Tafuta wavuvi wa mshipi, waogeleaji wa ufuo wa Pirates, wapiga picha wa Mji wa Kale, waendesha baiskeli, skauti. Wengi wao tayari wana grupu zao Facebook. Ingia inboksi ya admini, msalimie, mueleze kazi, umuombe ruhusa. Ukitupa linki bila hodi utafutwa, na ni haki yake.

Kila mmoja mwite kwa linalomgusa. Mvuvi mkumbushe kuwa kamba na samaki wengi hukulia kwenye mikoko. Mpiga picha mwambie habari za ndege. Vijana wa TikTok wanataka picha za kabla na baada. Kwa wanaosema plastiki haina kazi, mimi huwatumia picha za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavishwa vipande vya ndara za rangi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

3. Andika tangazo linaloshikika

Langu huwa hivi:

*"Asalaam aleikum jamani. Jumamosi, Mikindani, penye madau. Tukutane saa tatu na nusu, maji yakipwa tunaingia. Vaa viatu vya kufunga, ndara zitabaki kwenye tope. Glavu na magunia tunayo. Saa sita tumemaliza, mahamri na mbaazi yapo."*

Saa ya kumaliza usiisahau. Mama mwenye watoto nyumbani huangalia hiyo kwanza.

4. Sasa fungua grupu

WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024, lakini mimi huingiza waliofika ufuoni tu. Weka grupu moja la matangazo ambalo maadmini pekee ndio wanaotuma, na jingine la soga. Mwanasiasa akiomba kuingia, aje na viatu vya kufunga kama wengine, hotuba hapana.

5. Pesa

Mtunza hazina asiwe admini. Kila mchango wa M-Pesa uorodheshwe kwenye grupu siku hiyohiyo, na risiti za magunia na glavu zipigwe picha. Mkianza kupokea pesa za wafadhili, jisajilini kama kikundi cha kijamii. Sheria yake ipo tangu 2022.

6. Jioni ileile

Panga magunia yaliyojaa, piga picha, rusha kwenye stetasi kabla watu hawajalala. Picha za watoto usizirushe bila idhini ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitanii. Chini ya picha andika tarehe ya bamvua ijayo. Anayejibu "nipo" mpigie simu wiki hiyo umpe jukumu lenye jina lake: magunia, maji ya kunywa, au kumpokea mgeni stendi ya matatu.