Antibiotiki baada ya upasuaji wa kidole tumbo kwa mtoto: anza na ulichokiona tumboni

Madaktari chipukizi huniuliza, "Nimwandikie dawa gani?" Nami huwarudishia swali: kidole tumbo chenyewe ulikikuta katika hali gani?

Hatua ya 1. Kabla ya kisu. Dozi ya antibiotiki ya mshipa iingie ndani ya dakika 60 kabla ya kuchana ngozi. Hii haina mjadala.

Hatua ya 2. Tazama, kisha andika. Kuna tundu? Usaha umetapakaa? Kijiwe cha kinyesi kimedondokea tumboni? Yaandike hayo hayo kwenye ripoti ya upasuaji. Ukiandika "kimevimba sana" tu, wa zamu ya usiku atabaki akikisia, na anayekisia huongeza dawa.

Hatua ya 3. Kama hakikutoboka, acha. Ile dozi ya kwanza imetosha. Najua mkono huwasha kuandika za siku tano "kwa usalama". Atakachoambulia mtoto ni kuhara, na bakteria wake kuzoea dawa.

Hatua ya 4. Kama kimetoboka, lenga makundi mawili: bakteria wa utumbo kama E. koli, na wale wasiohitaji hewa, hasa Bacteroides fragilis. Mimi huanza na seftriaksoni miligramu 50 kwa kilo mara moja kwa siku, isizidi gramu 2, pamoja na metronidazoli miligramu 7.5 kwa kilo kila saa 8, isizidi miligramu 500 kwa dozi.

Mseto wa zamani wa ampisilini, gentamaisini na metronidazoli bado unafanya kazi, ila unamchosha muuguzi kwa wingi wa dozi, na gentamaisini inataka uchunge figo na masikio. Piperasilini-tazobaktamu naiweka kwa mtoto aliyezidiwa, au majibu ya maabara yakionyesha Pseudomonas, bakteria ambaye dawa nyingi za kawaida hazimwezi. Ukiitumia, usiongeze metronidazoli; wasiohitaji hewa imeshawafikia. Kosa hili nakutana nalo karibu kila mzunguko wa wodi.

Mwenye historia ya mzio mkali wa penisilini, uliza kwanza nini hasa kilimtokea. Vipele vya utotoni si sawa na kuvimba koo na kushindwa kupumua.

Hatua ya 5. Simamisha dawa kwa kumtazama mtoto. Homa imekata kwa saa 24, anakula, tumbo limelainika: wengi hufika hapo kati ya siku ya 3 na ya 5. Akianza kula kabla dozi hazijaisha, mhamishie amoksilini-klavulaneti ya kunywa, aende nyumbani.

Homa ikiendelea hadi siku ya 5, usikimbilie dawa kali zaidi. Piga ultrasaundi utafute jipu. Mtoto anayekwenda choo kila mara akitoa kinyesi kidogo chenye kamasi mara nyingi ana usaha chini kabisa ya tumbo, ndani ya fupanyonga, na jipu kubwa halimalizwi na dawa za sindano, usaha wake hutolewa.